Mti Huu Unaitwaje? Safari ya Jina kutoka Kwai hadi Berlin na Kurudi



Ukisoma botania, ekolojia au misitu, kuna swali moja litakufuata hadi kwenye harusi za ndugu zako: "Hebu niangalizie, mti huu unaitwaje?" Swali linakuja na picha. Picha yenyewe mara nyingi ni moja tu, imepigwa kwa simu, mti wote umekaa katikati, anga jeupe nyuma, majani meusi kama kivuli. Aliyeuliza anasubiri jibu la neno moja, na anashangaa kidogo anapojibiwa kwa maswali: majani yamekaaje? Ukivunja kijiti unatoka utomvu? Gome lina harufu? Umeupiga wapi?

Swali la mwisho ndilo tutakaloanza nalo leo, kwa sababu mahali picha ilipopigwa ni nusu ya jibu. Tuchukue Kwai, kata iliyoko wilayani Lushoto, kwenye Milima ya Usambara Magharibi. Kama picha yako ya mti usiojulikana imetoka Kwai, umeingia kwenye mojawapo ya sehemu ngumu zaidi za kutambua mti hapa Tanzania, na ugumu huo una historia ya zaidi ya miaka 120. Twende nayo taratibu. Mwishoni utaona kwa nini jina la mti linaweza kuamua kama mti utabaki umesimama.

Kwai, mahali ambapo miti ilichanganywa

Mwaka 1896 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha Kwai kituo cha majaribio ya kilimo. Wazo lao lilikuwa wazi: juu kule kuna baridi, kuna maji, hakuna joto la Tanga, basi tujaribu mazao na mifugo ya Ulaya tuone kama walowezi wanaweza kuishi. Lushoto yenyewe wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Miaka sita baadaye, 1902, ikaanzishwa taasisi kubwa zaidi ya biolojia na kilimo kule Amani, Usambara Mashariki, na uzito wa utafiti ukahamia huko. Amani wakapanda bustani ya mimea iliyoletwa kutoka karibu kila kona ya dunia ya joto: mikwinini, mikafuri, mipira, mbao za kila aina.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, na upandaji ukaendelea. Leo ukisimama kwenye mteremko wowote wa Lushoto unaona mikaratusi na miwati ya Australia, migrevilea ya Australia vilevile, na misonobari ya Mexico. Imezoeleka kiasi kwamba mtoto aliyezaliwa pale anaiona kuwa miti ya kwao. Hapo hapo, juu kidogo, upo msitu wa Magamba, ambao sasa ni Hifadhi ya Mazingira Asilia yenye zaidi ya hekta 9,000. Humo kuna miti ambayo imekuwa kwenye milima hii tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipa jina la Kilatini.

Kwa hiyo mtu anayetambua mti kutoka picha ya Kwai anaanza na swali ambalo mwenzake wa Serengeti hahangaiki nalo sana: huu ni mwenyeji au uliletwa? Kama uliletwa, basi orodha ya watuhumiwa si miti ya Tanzania tu, ni miti ya dunia nzima ya joto na nusu-joto.

Chukua mfano mmoja wa kila siku. Mwati, yaani Acacia mearnsii, una majani madogo madogo yaliyopangwa kama manyoya. Mshai, Albizia schimperiana, nao una majani yaliyopangwa kama manyoya. Wote wawili ni wa familia ya kunde. Kwenye picha ya simu iliyopigwa kutoka mita ishirini, unaweza kubishana usiku kucha. Sasa angalia tofauti ya maisha yao. Mshai ni mti wa asili ambao wakulima wa milimani wanauacha shambani kwa ajili ya kivuli. Mwati umo kwenye orodha ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Ukikosea jina, unaweza kumshauri mtu aung'oe ule aliopaswa kuutunza.

Ungekuwa na tunda kwenye picha, ubishi ungeisha kwa dakika moja. Ganda la mwati ni jembamba na limebanwabanwa kati ya mbegu na mbegu. La mshai ni pana, bapa, jepesi kama karatasi. Maua nayo yangesaidia: ya mwati ni vidude vya mviringo vya njano hafifu, ya mshai yana nyuzi nyeupe kama brashi. Kumbe shida haikuwa picha kama picha. Shida ilikuwa kipi kimepigwa picha.

Mkulo ulikuwa na jina tayari

Hebu turudi nyuma kidogo ya 1896. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwapo Usambara Mjerumani aliyeitwa Carl Holst, mkusanyaji wa mimea. Alikata matawi yenye maua na matunda, akayabana kati ya karatasi, akayakausha, akaandika lebo, akayatuma Berlin. Huko Berlin alikuwapo Adolf Engler, mkurugenzi wa bustani na makumbusho ya mimea, mmoja wa wanabotania wenye nguvu zaidi wa enzi yake. Engler alichambua mafurushi hayo na kuyapa majina. Mwaka 1902 alikuja mwenyewe kuiona Usambara kwa macho yake, lakini majina mengi alikuwa ameshayatoa akiwa mezani.

Mfano ni Ocotea usambarensis, jina alilolitoa mwaka 1894. Ukienda Lushoto na jina hilo hakuna atakayekuelewa. Sema mkulo. Mkulo ni mti mkubwa wa mbao, jani lake kijani iliyokolea upande wa juu na weupeweupe upande wa chini, na ukiukata gome linanukia kafuri. Wasambaa walikuwa wakiutofautisha na miti mingine muda mrefu kabla ya furushi la kwanza kupanda meli. Mse nao ulikuwa na jina lake kabla ya mwaka 1903, pale Robert Pilger alipouita Podocarpus usambarensis. Jina hilo la Kilatini lilikuja kubadilishwa karibu na mwisho wa karne, leo tunaandika Afrocarpus usambarensis. Mse umebaki mse.

Simaanishi kwamba majina ya Kilatini ni upuuzi. Yana kazi ambayo majina ya kienyeji hayawezi kuifanya peke yake. Mkuyu wa sehemu moja si lazima uwe mkuyu wa sehemu nyingine, na mkaratusi ni neno moja linalobeba spishi kadhaa. Mwanabotania P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani wakati wa Waingereza, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza, toleo la pili likatoka 1940. Kamusi ile hadi leo inafunguliwa na watu wa fani hii, na inaonyesha vizuri jinsi jina moja la Kiswahili linavyoweza kuelekea mimea zaidi ya mmoja.

Lakini fikiria maarifa yaliyokuwa nyuma ya kila jina la kienyeji. Msambaa aliyemwongoza mkusanyaji msituni alikuwa anatambua mti kwa harufu, kwa mlio wa panga kwenye gome, kwa aina ya ndege waliokuja kula matunda yake. Ukifungua lebo za zamani, mara nyingi unakuta jina la mkusanyaji, namba, mahali na tarehe. Jina la aliyemwonyesha mti halipo. Wakati mwingine jina la mti kwa lugha yake lipo, na hilo ndilo alama pekee aliyoiacha.

Jani moja lililoshikilia jina

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi nje ya fani hawalijui, nalo ni ufunguo wa stori yote.

Jina la kisayansi la mmea halishikiliwi na maelezo ya kitabuni tu. Linashikiliwa na kitu: kipande kimoja cha mmea kilichokaushwa, kilichobandikwa kwenye karatasi, kilichowekwa kwenye kabati la hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa. Kipande hicho tukiite sampuli ya msingi. Wanasayansi wawili wakigombana kama mti fulani ni Ocotea usambarensis au la, mwamuzi wa mwisho si maneno ya Engler. Ni kile kijiti alichokuwa nacho mezani. Unakwenda, unafungua kabati, unalinganisha. Ikibidi, unachukua ua moja lililokauka, unalilainisha kwa maji ya moto, unalipasua chini ya hadubini na kuhesabu stameni zake.

Sampuli za msingi za miti mingi ya Usambara zilikuwa Berlin. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za washirika zilipiga mabomu Berlin na makumbusho ya mimea yakaungua. Hebaria ile ilikuwa na sampuli zipatazo milioni nne. Nyingi zikawa majivu kwa usiku mmoja. Sehemu ndogo tu ilinusurika, zikiwemo zile zilizokuwa zimeazimwa na taasisi nyingine.

Jiulize maana yake kwa Lushoto. Kijiti kilichokatwa milimani kwetu, kikavuka bahari, kikawa kipimo cha jina la mti duniani kote, kimeteketea kwenye vita ambavyo mkulima wa Kwai hakuvianzisha. Mti upo, unadondosha mbegu kama kawaida. Kilichoungua ni kipimo cha jina lake.

Picha zilizookoa, na ambazo hazikupigwa

Na hapa ndipo picha zinapoingia kwenye historia yetu kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1929 mwanabotania wa Marekani, J. Francis Macbride, alitumwa Ulaya na makumbusho ya Field ya Chicago. Kazi yake: apige picha sampuli za msingi za mimea zilizoko kwenye hebaria za Ulaya, akianza na Berlin. Lengo lilikuwa mimea ya Amerika ya joto, ili wataalamu wa upande wa pili wa bahari wasilazimike kusafiri kila wanapotaka kulinganisha jani. Kwa takriban miaka kumi zilipatikana picha karibu 40,000. Hakuna aliyekuwa anafikiria mabomu. Baada ya 1943, kwa mimea mingi ya Brazil na Peru, picha za Macbride ndizo zilizobaki kuonyesha sampuli ya Berlin ilikuwaje.

Miti ya Usambara haikuwa kwenye mpango huo. Kilichotuokoa sisi ni desturi nyingine ya zamani: nakala. Mkusanyaji mzuri hakati kijiti kimoja, anakata kadhaa kutoka mti uleule siku ileile na kuvipa namba moja. Kimoja kinakwenda Berlin, kingine Kew pale London, kingine kwingineko. Nyingine zilibaki Amani. Mwaka 1950 hebaria ya Amani ilihamishiwa Nairobi, ambako ni sehemu ya Hebaria ya Afrika Mashariki hadi leo. Kwa hiyo baada ya vita, wanabotania walianza kazi ya kutafuta: namba hii ya Holst, nakala yake iko wapi? Ikipatikana, inateuliwa rasmi kushika nafasi ya ile iliyoungua.

Kazi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye mradi mkubwa wa kuandika mimea yote ya porini ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambao vitabu vyake vilianza kutoka 1952 na kukamilika 2012. Miaka sitini, spishi 12,104. Kila unapotaja jina la mti wa Lushoto kwa uhakika leo, kuna mtu mahali fulani aliyekaa na karatasi mbili mezani akilinganisha.

Miaka ya 2000 picha zikarudi kwa nguvu. Kupitia mradi wa mimea ya Afrika, hebaria za Afrika na Ulaya zilianza kupiga picha sampuli zao za msingi na kuziweka mtandaoni. Pale Kew walitengeneza mashine ya ajabu kidogo: skana ya kawaida ya mezani iliyogeuzwa kichwa chini. Sababu ni rahisi. Karatasi ya hebaria ukiipindua ili uiweke kwenye skana, majani ya miaka 130 yanavunjika na kudondoka. Basi wakaona heri skana ndiyo ipinduke. Kijiti kilichotoka Mlalo wakati wa Holst sasa mwanafunzi aliyeko Lushoto mwenye bando anaweza kukifungua na kukikuza hadi aone vinyweleo vya jani. Safari ya kurudi imechukua zaidi ya karne, na kilichorudi ni picha tu, lakini kimerudi.

Kima wa Rungwe na kikomo cha picha

Sasa unaweza kuuliza: kama picha ni nzuri hivyo, kwa nini tusimalize kila kitu kwa picha? Tanzania inayo kesi maarufu inayojibu swali hili, ingawa haihusu mti. Inahusu kima.

Mwaka 2005 jarida la Science lilitangaza nyani mpya kwa sayansi kutoka Nyanda za Juu Kusini na Milima ya Udzungwa. Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji, na masimulizi ya wawindaji yalisaidia watafiti kumfikia. Kwa kuwa alikuwa wachache sana, watafiti hawakutaka kumuua hata mmoja. Sampuli ya msingi ikawa picha. Kwa kumwangalia kwa macho, wakamweka kwenye jenasi ya Lophocebus, pamoja na mangabe wa miti mirefu.

Baada ya hapo akapatikana kipunji aliyekufa kwenye mtego wa mkulima. Safari hii kulikuwa na mwili, na kulikuwa na DNA. Majibu yakaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko na mangabe hao, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Picha ilikuwa imesema kweli: huyu ni mpya. Ilichoshindwa kusema ni yeye ni ndugu wa nani. Mwili ndio uliosema.

Kwenye mimea sheria ni kali zaidi. Kanuni za kimataifa za kutoa majina zinataka kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2007, jina la spishi mpya ya mmea lishikiliwe na sampuli halisi. Mchoro au picha haitoshi, isipokuwa kwa mwani na kuvu wadogo sana ambao ni vigumu kuwahifadhi. Mti hauna udhuru huo. Kukata kijiti kimoja hakuuui.

Kwa hiyo tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya. Kutambua mti ni kusema "huu ni ule ambao tayari tunaujua". Hilo picha nzuri inaliweza mara nyingi. Kutangaza mti mpya ni kusema "huu haujapata kuandikwa". Hilo picha inaweza kulianzisha, haiwezi kulimaliza.

Vipi kuhusu simu inayotambua yenyewe?

Najua ulikuwa unasubiri nifike hapa. Zipo programu kama Pl@ntNet na iNaturalist. Hii ya pili ina asili itakayowafurahisha wanafunzi wenzangu: ilianza 2008 kama mradi wa shahada ya uzamili wa wanafunzi wa chuo cha Berkeley, Marekani. Unapiga picha, programu inakupa majina kadhaa.

Elewa inavyofanya kazi. Programu imefundishwa kwa picha ambazo tayari zina majina. Spishi yenye maelfu ya picha inaijua vizuri. Spishi yenye picha tatu tu haiijui kabisa, na usichokijua huwezi kukitaja. Sasa jiulize, nani amepigwa picha zaidi: mgrevilea uliopandwa kuanzia Australia hadi Brazil, au mti unaoota Usambara peke yake kwenye bonde lisilo na barabara? Ukiipa programu picha ya huo wa pili, inaweza isikwambie "sijui". Inaweza kukupa ndugu yake wa karibu mwenye picha nyingi. Kwa Kwai hili ni tatizo kubwa, kwa sababu miti iliyoletwa ndiyo yenye picha, na ya asili adimu ndiyo isiyo nazo. Yaani mashine inarithi mpangilio uleule wa zamani: kinachojulikana kwingine kinaonekana, cha hapa kinafichika.

Dawa yake nayo ni picha. Kila picha nzuri ya mti wa Usambara iliyothibitishwa na mtaalamu inaongeza nafasi ya mti huo kuonekana.

Kwa nini ujisumbue

Mwaka 1977 huko Kenya, kwenye ukanda wa pwani, ilichukuliwa sampuli ya mti ambao baadaye uliitwa Karomia gigas. Mti uliotoa sampuli ile ulikatwa baadaye. Mwaka 1993 spishi hiyo ikaonekana Tanzania, upande wa Kilwa, kisha ikapotea tena machoni mwa wataalamu, wakawa na wasiwasi kwamba imetoweka. Mwaka 2011 wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaikuta tena, miti michache ya kuhesabika. Iliwezekana kwa sababu kuna watu waliojua sura yake: tunda lililozungukwa na kikombe chepesi kama karatasi, si la kawaida kwenye mti mrefu kiasi kile. Baadaye mbegu zilipatikana, miche ikaoteshwa.

Fikiria mtu anayepita chini ya mti huo bila kujua. Kwake ni kuni, au nguzo, au kivuli. Hakuna ubaya wowote moyoni mwake. Mti hauwezi kuwekwa kwenye orodha ya hatari, hauwezi kuombewa fedha wala kuzungushiwa uzio, kama hakuna anayeweza kusema ni upi. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayojulikana duniani kwa mimea isiyopatikana kwingine, na miteremko yake imejaa watu wanaohitaji kuni, mbao na shamba.

Basi, ukikutana na mti usioujua Kwai

Usipige picha moja. Piga kama saba, kwa mpangilio huu.

Kwanza, mti mzima, na mtu kando yake ili tujue urefu. Pili, gome kwa karibu. Tatu, kijiti chenye majani, kionyeshe majani yanavyokaa: yanakabiliana wawili wawili au yanapishana? Hili peke yake linaondoa familia nyingi. Kama yanakabiliana na katikati yao kwenye kiungo kuna kijijani kidogo, tutafikiria kwanza familia ya mibuni. Nne, jani upande wa juu. Tano, jani upande wa chini, ambao watu wengi wanausahau, na ndiko mkulo unakojitambulisha kwa weupe wake. Sita, ua au tunda, hata kama limeanguka chini, na sarafu pembeni yake kwa ajili ya kipimo. Saba, majani ya mche au chipukizi kama yapo, maana baadhi ya mikaratusi michanga ina majani ambayo huwezi kuamini ni ya mti uleule ukikua.

Halafu andika yale ambayo kamera haiyaoni. Vunja kijiti: kuna maziwa, au maji, au hakuna kitu? Sugua jani: linanuka nini? Andika mahali, tarehe, na kama mti uko shambani, kando ya barabara au ndani ya msitu. Kama uko ndani ya hifadhi, piga picha tu. Kukata sampuli kunahitaji kibali, na kwa utafiti kuna COSTECH.

Na uulize jina. Tafuta mzee au mama anayechanja kuni upande ule, muulize kwa heshima mti huu kwa Kisambaa ni nani na unatumika nini, uandike kama alivyotamka. Akikubali kutajwa, andika na jina lake kwenye rekodi yako. Lebo za mwaka 1893 hazikuacha nafasi hiyo, za kwako zinaweza kuiacha.

Ukishindwa kabisa, Lushoto mjini kuna kituo cha TAFORI chenye hebaria ya misitu, umbali mfupi tu kutoka Kwai. Makabati yake yana karatasi zenye vijiti vya milima hiyohiyo. Nenda na picha zako zote saba. Na kama una kibali, nenda na kijiti.